Dawa Itangulie Kisu

Mwanangu Mwanaidi,

Barua za zamani, zile ambazo bibi yako alikuwa akiniita nimsomee nikiwa mdogo kuliko wewe, zilianza zote kwa namna moja: mimi huku sijambo, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Nilidhani ni maneno ya mazoea tu, kama mtu anavyobisha hodi hata mlango ukiwa wazi. Leo nimekaa na kalamu, hujaondoka bado, nakusikia uani kwa bibi yako ukicheza makofi na Tatu wa jirani, na tayari hofu ni kwako. Basi sina salamu nyingine. Mimi sijambo. Hofu ni kwako.

Tumeswali magharibi sasa hivi. Mama yako yuko chumbani na mdogo wako, arobaini yao haijatimia, ndiyo maana si yeye atakayekaa nawe wodini. Shangazi yako Zuhura anafunga mizigo, na kila anachokifunga anakifungua tena kuhakikisha kwamba amekifunga. Kesho asubuhi ni boti, kisha basi, kisha nyumba ya shangazi Mbagala, na baada ya hapo hospitali, wakakunyooshe mguu huo uliounga upande. Ukitoka hospitali utabaki kwake, kwa sababu kliniki ni za mara kwa mara, na huwezi kuvuka bahari kila wiki na kidonda kibichi. Utasoma huko huko. Ni kwa muda gani, sijui. Nimekuwa nikisema "mpaka mguu upone" kana kwamba nimeshaambiwa siku.

Sikuandikii habari ya mswaki, wala kanga za kubadilisha, wala kumwitikia shangazi anapokuita mara ya kwanza. Hayo mama yako ameyasema mpaka umeyakariri. Mimi nina jambo moja tu, na nikilisema kwa mdomo linanikwama. Juzi umeliona likinikwama.

Hujaniuliza kwa nini siendi nawe. Nimekuona unataka kuuliza ukaacha. Likizo yangu yote iliishia kwenye kidonda chako cha kwanza, na ruhusa nilizoomba baada ya likizo ziliishia kwenye kukisafisha. Wiki iliyopita niliingia tena kwa mkuu wangu pale ofisini Kilindoni, nikiwa nimepanga maneno tangu nyumbani. Hakuinua macho. "Karani," akasema, "wewe siku hizi huna kazi, una mgonjwa." Nikasema, "Ndiyo, mkuu." Nikatoka. Njiani kurudi masjala ndipo maneno yote niliyoyapanga yakanirudia, mazuri kabisa, yamenyooka. Hivyo ndivyo nilivyo. Maneno yangu hufika baada ya mlango kufungwa.

Na hata ningeenda, wodi ya watoto wa kike analala mwanamke. Mimi ningekaa nje ya geti na chupa ya chai. Benchi lile nalijua, na ubao wake mmoja uliolegea naujua.

Nataka turudi pale, siku ya operesheni ya kwanza. Ulikuwepo, hakuna ninalokufichulia. Ila nataka ulione kwa upande wangu.

Ulikuwa umelala kwenye kitanda cha magurudumu, mguu umefungwa ubao tangu bodaboda ilipoteleza mchangani ukiwa umepakiwa ukitoka shule. Asubuhi akaja muuguzi mmoja kijana, akachoma dawa kwenye mrija uliokuwa mkononi mwako. "Hii ni ya kukinga kidonda, mzee," akaniambia. Labda nilimzidi miaka miwili, lakini hospitali inamzeesha mtu. "Anaingia sasa hivi." Nikasema ahsante.

Haikuwa sasa hivi. Lilikuja gari la majeruhi, watu wamejeruhiwa vibaya, wakatangulia wao, na ilikuwa haki yao. Tukasubiri. Adhuhuri ikaadhiniwa, tukasubiri. Nilikwenda kuswali nikarudi nikakukuta palepale ukihesabu vigae vya dari. Ndipo ukaniuliza, kwa sauti ya kawaida tu, kama unavyouliza chumvi iko wapi:

"Baba, ile sindano ya asubuhi haijaisha nguvu?"

Muuguzi mwingine alikuwa anapita. Niliona amesikia. Uso ukaniwaka moto. Nikakuambia, "Nyamaza. Wenyewe wanajua."

Ukanyamaza. Baadaye kidogo wakaja kukuchukua, na mimi nikashika ukingo wa kitanda mpaka kwenye mstari mwekundu ambao mtu wa nje havuki. Na moyoni nilikuwa najiuliza swali lako. Sikuwa na swali jingine. Nilikuwa nimesimama kando ya watu ambao wangeweza kunijibu kwa neno moja, na mdomo wangu ulikuwa mkavu kama wa mtu aliyefunga.

Sisemi kwamba ndiyo sababu kidonda kikaingia usaha. Nimekuwa mwangalifu na jambo hili, nimeligeuza kila upande. Mguu ulipovunjika mfupa ulitoboa ngozi, na uchafu wa barabarani uliingia. Yule daktari mwanamke aliyekutibu baadaye, mara ya pili ulipolazwa, nilimsimulia habari yote, sindano ya asubuhi na kusubiri mpaka mchana. Akasikiliza, akasema, "Inawezekana. Inawezekana pia sivyo. Hatuwezi kurudi kutazama." Kisha akanieleza, na alieleza polepole, kama mtu anayepanga vyombo: dawa ya kukinga inatakiwa iwe imeshafika kwenye nyama kabla kisu hakijafika. Si mapema mno, ikapungua kabla ya kazi. Si baada, wadudu wakawa wameshajipatia makao. Zile za kuchoma, ni ndani ya saa moja kabla ya kukata. Na operesheni ikiahirishwa sana, inatolewa nyingine.

Kwa hiyo ulichouliza wewe, mtoto wa darasa la sita uliyekuwa unahesabu vigae, ndicho kinachoulizwa na wenye kazi yao.

Nikamwuliza, "Na mtu wa nje akiuliza, mnakasirika?"

Alivua miwani akaifuta. "Wengine hukasirika," akasema. "Uliza hivyo hivyo."

Sasa nikukumbushe ya nyumbani, nayo uliyaona. Tuliporuhusiwa mara ile ya kwanza walitupa dawa ya maumivu na maelekezo ya kidonda: kikae kikavu, kifungwe, kisitiwe kitu. Vidonge vya kuua wadudu hawakutupa hata kimoja. Tulipofika kwa shangazi yako, alipekua mfuko mara mbili.

"Mtoto amepasuliwa mguu mzima, halafu mnatoka mikono mitupu? Hawa wamewadharau. Wameona mmetoka visiwani."

Nami nikaona aibu, nikaona kweli tumedharauliwa. Shangazi akaenda duka la dawa akarudi na rangi mbili, zile kapsuli za nyekundu na nyeusi ambazo kwetu hapa zinaponya kila kitu, tumbo, jino, hata huzuni. Ukazimeza. Siku ya tatu kidonda kilionekana kizuri, tukaona inatosha, na zilizobaki, tuliporudi kisiwani, babu yako Shomari akazitia kwenye kopo lake, kwa sababu mtu anayekwenda dago kuvua, akikaa kambini na wenzake mbali na zahanati, hakosi kopo la namna hiyo.

Daktari yule alinieleza na hilo pia. Kutotupa kapsuli hakukuwa dharau. Ile sindano ya kabla ya kisu ikitolewa wakati wake, kwa kawaida inatosha. Kuendelea kumeza siku nyingi hakumlindi mgonjwa zaidi, kunawafundisha tu wadudu namna ya kuishi na dawa. Nilipomwambia kwamba wewe umemeza rangi mbili tangu mdogo, kila homa, kila kikohozi, mbili leo, moja kesho, mpaka nafuu, hakunilaumu. Aliandika tu kwenye faili. Heri angenilaumu.

Kisha ile siku, tumesharudi hapa kwetu Kiegeani, kidonda kilipoanza kutoa maji. Babu Shomari amekuja kukutazama, na yeye ndiye aliyenilea baba yangu alipofariki, na ndiye aliyenilipia ada. Akafungua kopo lake, akachukua kapsuli, akaivunja kati kwa kucha, akaumwaga unga juu ya kidonda. Kama anavyojitia mwenyewe akichomwa na mwiba wa samaki taa au akichanwa na matumbawe. Mikono yake haikutetemeka. Alifanya kwa mapenzi, Mwanaidi, nataka ulijue hilo siku zote. Uliniangalia. Maneno "kisitiwe kitu" tulikuwa tumeambiwa sote wawili, mimi na wewe, tumekaa kiti kimoja. Uliniangalia mimi, ukangoja.

Nami nilisema, "Ahsante, baba mkubwa."

Unga ule ulikauka ukafanya gamba zuri. Kila aliyekuja alisema, mashaallah, kinafunga. Juu kilikuwa kikavu. Homa ilipoanza tukadhani ni malaria. Siku ile gamba lilipoinuka, harufu iliyotoka chini yake sijaisahau, na najua nawe hujaisahau kwa sababu tangu siku ile hutaki tena samaki mkavu wa chumvi.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, maana ni mwili wako: kutolewa chuma walichokuwa wamekutia mfupani, kusafishwa, na ile miezi ya kuosha kidonda kila asubuhi huku umeuma upindo wa kanga ya mama yako ili usilie. Mimi nilikuwa nashika beseni. Ndiyo kazi niliyoiweza.

Usaha wako waliuchukua kwa kijiti cha pamba wakauotesha maabara, ili wajue ni wadudu gani na dawa gani inawaweza. Majibu yalipotoka, daktari alituita. Dawa nyingi za kawaida zilikuwa hazifui dafu. Ile sindano wanayoitumia sana kukinga kidonda kabla ya upasuaji, nayo haiwawezi wadudu waliokupata. Iliyobaki ni vankomaisini. Nayo haichomwi kwa haraka. Inadondoka polepole kwenye dripu, karibu saa nzima au zaidi. Kwa hiyo akasema, siku yoyote Mwanaidi akipasuliwa tena, waambieni mapema, wodini, kabla hajapelekwa. Wakikumbuka akiwa ameshafika mlangoni pa chumba cha upasuaji, itakuwa imechelewa, na mtu mwenye haraka atachukua ile ya kawaida iliyo karibu.

Imeandikwa kwenye faili lako. Wengine wangetulia hapo. Lakini mimi ni karani wa masjala. Maisha yangu ni mafaili. Najua faili linavyolala chini ya jingine. Najua karatasi inavyogeuzwa pamoja na iliyo mbele yake kwa sababu kidole kilikuwa kikavu. Nimepiga simu wodini. Mara mbili haikupokewa. Mara ya tatu dada mmoja alipokea, nyuma yake watoto wanalia, akasema, "Baba, haya mtaongea mkifika." Nikasema, "Ndiyo, dada. Samahani." Nikakata mimi.

Umeona? Hata kwa simu.

Ndiyo maana juzi nikaja na wazo la mazoezi. Najua lilikuchekesha na kukutia hofu kwa pamoja. Nilikalia kigoda nikajifanya daktari, shangazi yako akawa muuguzi, nawe ukalala mkekani. Nikakunja uso. Nikasema kwa sauti nzito, "Haya, tumpeleke huyu." Na wewe ulitakiwa useme maneno yale: mimi wadudu wangu ni sugu, nahitaji vankomaisini, je, imeshaanza?

Ukasema, "Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Haya, tumpeleke."

Ukanyamaza. Ukautazama mkeka. Shangazi akaingilia: "Basi msimtese mtoto, mimi nitakuwepo! Nitawaambia huyu hataki rangi mbili, anataka ile ya chupa."

"Dada, si ya chupa. Ni ya dripu."

"Na hiyo dripu inatoka wapi? Si kwenye chupa?"

"Lakini jina lake ujue. Vankomaisini."

"Vanko... vanko nini? Mwanamaji gani huyo?" Akacheka mpaka akajifuta macho. "Mimi nitawaambia, ile dawa yenye jina la Kizungu. Watanielewa, wao si wamesoma?"

Bibi yako naye, kutoka jikoni: "Na huyo mtoto asiwajibu wakubwa mdomo wazi hivyo! Watasema amelelewa na nani?"

Tulicheka wote. Wewe pia ulicheka. Lakini tulirudia, tukarudia tena, na kila nilipokunja uso uliishia kwenye shikamoo. Nikaona basi. Nikasema, tupumzike, tutaendelea kesho, na kesho hatukuendelea. Niliogopa kuona tena kile nilichokiona: kwamba nikikunja uso kidogo tu, unanyamaza kama mimi.

Hukuzaliwa hivyo. Hapo ndipo ninaposhindwa kulala. Ulipokuwa mdogo uliuliza mpaka imamu akakwepa njia yetu. Uliuliza kwa nini punda wa mjini hawana majina. Uliuliza kama maji yanayopelekwa kisiwani Jibondo kwa mashua yanahuzunika kuondoka kisimani. Na pale hospitalini uliuliza swali ambalo pengine lilikuwa swali bora kuliko yote yaliyoulizwa siku ile katika jengo lile, nami nikalifunika kwa mkono wangu.

Mimi nilinyamazishwa nikiwa darasa la tano. Mwalimu alikosea hesabu ubaoni, nikanyoosha kidole nikamwambia, nikachapwa. Nilipofika nyumbani nikamsimulia baba yangu, nikidhani atanitetea. Akaniongeza. Akasema, "Mkubwa hakosei mbele za watu." Baada ya hapo nilisoma vizuri sana, maana nilikuwa kimya sana. Nilifika kidato cha sita, nikapata cheti changu cha utunzaji kumbukumbu, nikapata kazi. Mkuu wangu akikosea tarehe kwenye barua, simwambii. Nangoja aende kula, naiandika upya, namwekea mezani asaini kana kwamba ni ileile. Watu husema nina adabu. Kwa barua, njia hiyo inafaa. Kwa mwili wa mtu haifai, maana mwili hauandikwi upya mkubwa akienda kula.

Sikuambii uwe mkali. Sikuambii usiwaamkie. Waamkie wote, hata yule anayesukuma kitanda. Wanachoka, mwanangu, niliwaona, wanakula wamesimama. Wengi wao wangependa kukumbushwa, na kuna mahali hasa palipowekwa kwa ajili hiyo. Daktari aliniambia: kabla ya kukata, wanasimama, wanaulizana kwa sauti. Huyu ni nani? Mguu upi? Dawa ya kukinga imeingia? Wanakuuliza na wewe jina lako ukiwa macho bado. Wodini uwe umeshasema, lakini wakisahau, hapo pana upenyo wa mwisho. Wakikuuliza jina, watakuwa wamenyamaza kukusikiliza. Sema jina lako, kisha usifunge mdomo.

Ningependa kukuambia kwamba ukisema tu, yatakuwa sawa. Siwezi. Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo nikaifuta. Unaweza kusema wasikusikie. Wanaweza kukusikia na dawa ikawa haipo siku hiyo, na shangazi yako akatumwa nje kuitafuta. Inaweza kuwepo, ikaanza kwa wakati wake, ikadondoka yote, na mguu bado ukakataa. Daktari mwenyewe alisema dawa inapunguza hatari, haiiondoi. Wananawa mikono, wanachemsha vyombo, wanasafisha ngozi, wanachoma dawa, na bado wanasema inshallah. Nilidhani inshallah ni neno la sisi tusiojua. Kumbe nao wanalisema.

Kwa hiyo sina cha kukupa kesho pale gatini zaidi ya mkoba na neno gumu la kitaalamu. Siku hiyo utakapokuwa kwenye kitanda kile, mimi nitakuwa masjala, simu mfukoni, nikipanga mafaili ya ardhi. Nitakuwa sijui kama umeingia au unasubiri. Nitakuwa sijui kama umesema.

Kitu kimoja kinanipa nguvu kidogo, nacho ni hicho ninachokisikia sasa hivi kutoka uani. Wewe na Tatu mmelifanya jina lile kuwa wimbo wa makofi. Van-ko-mai-si-ni, kofi la kulia, kofi la kushoto, la juu, la chini, mmoja akikosea anatoka. Tatu hajui ni nini. Anadhani ni jina la bibi harusi. Mama yako amecheka huko chumbani mpaka mtoto ameamka. Jina unalijua, basi. Limeingia kwenye mikono yako. Kilichobaki ni kulitoa mbele ya uso uliokunjwa.

Subiri. Makofi yamenyamaza.

Babu Shomari amefika kukuaga. Nasikia fimbo yake, anachechemea. Alijikata kisigino kwa chaza tangu juzi na hataki kwenda zahanati. Nasikia bibi yako akimwekea kiti. Anakuita, "Mke wangu, njoo nikuone kabla hawajakuchukua wa mjini." Unacheka. Sasa nasikia kopo. Sauti ya kile kifuniko naijua, ningeitambua hata usingizini.

Na sasa nakusikia wewe.

"Babu, usitie."

Bibi yako amesema, "Wee!"

"Babu, usitie unga. Juu patakauka, chini patakuwa na usaha. Osha kwa maji safi na sabuni, kesho wakufunge zahanati."

Sauti yako inatetemeka, nimeisikia mpaka huku, lakini umemaliza. Maneno yote. Nimekaa na kalamu mkononi.

Babu anacheka. Si kwa ubaya, anacheka kama anavyomchekea mtoto mchanga anayemshika ndevu. "Nani amemfundisha huyu? Nilikuwa natia unga huu baba yako hajajua kuvaa suruali." Na nimesikia kapsuli ikivunjika. Ametia.

Umesema, na hakusikiliza. Nilitaka siku ya kwanza utakayosema iwe siku ya kusikilizwa. Sikuweza kukupangia hata hilo. Bibi yako anaguna. Tatu ameshakimbia kwao. Wewe uko kimya, na kimya chako nakijua. Najua umegeuka, unautazama mlango wa nyumba hii, unangoja, kama ulivyoningoja siku ile.

Kwa hiyo barua hii sitaimalizia kwa dua ndefu, ingawa dua ninazo. Mungu akutangulie, akurudishe umesimama kwa miguu yote miwili. Ukiisoma kwa shangazi, ukifika hapa, utakuwa unajua nilichokifanya baada ya kuiweka kalamu, kwa sababu utakuwa umekiona kwa macho yako. Yule ni mzee aliyenilea. Natoka nje, nikamwambie mimi pia asitie, na huo alioutia tuuoshe.

Baba yako